Siku Ukurasa Ulipoonyesha Sifuri

Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta ilikuwa kuifuta vumbi. Ilikuwa katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini, ambako msimu ukifika kila kitu kilivaa nyuzi nyeupe: mafaili, feni, nywele zetu. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, na karani mkuu aliamini ikiwashwa mara kwa mara itachoka. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Niliifuta kila asubuhi, na kila asubuhi nilichukua muda mrefu zaidi kuifuta, mpaka siku moja karani mkuu akanikuta naandika barua ndani yake. Hakunifukuza. Alivuta kiti akaniambia nimwonyeshe.

Ninyi wenzangu wa kompyuta mliobaki kazini mmeniomba niandike nilivyoanza. Vyeo nitaviruka, vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha kitu. Nitaandika habari za mgodi, kwa sababu pale ndipo nilipoijua kazi hii, na pale ndipo nilipokaribia kuua watu wawili kwa mistari mitatu ya maandishi.

Kabla ya mgodi alikuwepo Hasmukh. Familia yao ilikuwa na duka la redio, betri na cherehani karibu na stendi, na yeye alikuwa ameweka chumba cha nyuma kwa ajili ya kompyuta mbovu za mji mzima. Kiwanda kilipopunguza watu nilikwenda kumwomba kazi. Akanipa bisibisi na mashine iliyokufa. "Ukiifufua, rudi kesho," alisema. Niliifufua siku ya tatu, na siku zote tatu nilirudi, kwa hiyo hakujua aniambie nini. Kwake nilijifunza mfumo wa kompyuta wa Linux kutoka kwenye diski alizotumiwa na binamu yake, na baadaye Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kitabu kimoja tulichokigawana: yeye jioni, mimi mchana wateja wakiwa wachache. Hasmukh alikuwa mtu wa maneno machache makavu. Nikimwambia programu imekubali, alijibu, "Imekubali leo."

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mgodi mmoja mdogo wa chini ya ardhi upande wa Geita ulitafuta mtu wa kompyuta. Siutaji jina, ulifungwa zamani na nyasi zimeota mlangoni. Nilikwenda nikiwa na binti yangu Limi mgongoni, na kuanzia getini nikawa Mama Limi. Wachimbaji wengine hawakufurahi. Wapo walioamini mwanamke akikaribia shimo dhahabu hukimbia. Niliwaambia mimi nitakaa na kompyuta, na dhahabu ikikimbia wataiona ikipita getini, maana nako nitaweka kompyuta.

Aliyenipokea vizuri ni mtunza chumba cha taa, Mzee Masanja. Chumba cha taa kilikuwa mita chache kutoka mdomo wa shimo. Kila anayeshuka alipewa taa ya kichwani na kibao cha shaba chenye namba yake, na kibao cha pili chenye namba ileile Masanja alikitundika ukutani, kwenye misumari iliyoandikwa NDANI. Mtu akitoka, anarudisha chake, na cha ukutani kinahamishiwa NJE. Masanja aliwahi kuwa mchimbaji mdogo, wa yale mashimo wanayoyaita maduara, na vidole vyake viwili havikukunjika. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akaitazama kompyuta niliyoishika kana kwamba naleta mbuzi ndani ya nyumba.

"Hiyo inakuja kufanya kazi gani hapa?"

"Kuandika waliomo ndani."

Akaonyesha ukuta. "Wameshaandikwa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini ukuta ule aliuona yeye peke yake. Kila alasiri baada ya zamu kutoka, msimamizi wa baruti, kijana mmoja aitwaye Shija, alilipua miamba akiwa kwenye ofisi yake, mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu kutoka chumba cha taa. Kujua kama shimo ni tupu alitegemea simu ya waya au redio koo, ile ya mkononi ya kuitana, na redio koo ilikoroma kiasi kwamba sita na saba zilisikika sawa. Meneja alitaka orodha ya waliomo ndani ionekane kwa wakati mmoja sehemu nne: kwa Masanja, kwa Shija, zahanati na getini.

Niliandika programu kwa Python. Masanja anaandika namba ya kibao, jina linatokea kwenye ukurasa. Anaandika tena, jina linatoka. Juu kabisa, kwa tarakimu kubwa, idadi ya watu. Siku mbili ilikwenda vizuri. Siku ya tatu Shija alipiga simu kwamba ukurasa haufunguki, na zahanati nao wakalalamika hivyohivyo. Nilihangaika wiki nzima kabla sijaelewa. Programu yangu ilimhudumia mtu mmoja tu kwa wakati. Kompyuta ya getini ilikuwa mwisho wa waya mrefu uliounganishwa vipande vipande, na ukurasa ulikuwa ukimfikia mlinzi tone kwa tone; mpaka amalize kupokea, wengine wote walikuwa kwenye foleni.

Nilipanda lori la mizigo lililokuwa likienda Isaka, nikashuka njiani na kutafuta gari la Shinyanga, nikamweleza Hasmukh. Hakuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiifungua.

"Mwenye duka akitoka mwenyewe kumsindikiza kila mteja mpaka barabarani, dukani anabaki nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi mwekee mtu wa mlangoni."

Ninyi leo mnaita reverse proxy na mnaiweka kwa dakika tano huku mnakunywa soda. Sisi tuliita bawabu. Hasmukh alinipa kompyuta kuukuu isiyo na mfuniko wa ubavuni, nikaiwekea Linux na Apache, programu ya kugawa kurasa. Wote wangeongea na bawabu. Bawabu angechukua ukurasa kwa programu mara moja, aiache programu huru, kisha yeye mwenyewe amtiririshie mlinzi wa getini kwa mwendo wa laini yake mbovu. Programu yenyewe niliificha nyuma, isifikiwe na mtu moja kwa moja.

Isipokuwa Masanja. Programu ilikubali mabadiliko kutoka kompyuta ya chumba cha taa tu, ikiitambua kwa anwani yake. Bawabu alipokaa mbele, kila mtu alionekana ametoka kwa bawabu, na Masanja akakataliwa kuandika. "Mashine yako hainijui," aliniambia, akionekana kuridhika. Leo ningemfundisha bawabu kupeleka anwani ya mgeni. Siku ile nilivuta waya, nikamuunganisha Masanja na programu bila kupitia kwa bawabu. Ilikuwa kazi ya kulipua, ya harakaharaka. Ndiyo iliyotuokoa.

Maana sikuishia hapo. Nilisoma kwamba bawabu anaweza kutunza nakala ya ukurasa kwa muda, na akiombwa tena atoe nakala bila kuisumbua programu. Mistari mitatu tu. Niliiandika asubuhi, nikafungua ukurasa, ukaja kama umeme. Nikampigia simu Shija kujisifu. Nilijaribu kasi. Sikujaribu kama anachokitoa bawabu ni cha sasa hivi.

Siku nne baadaye, alasiri, nilikuwa chumba cha taa nikibadilisha kibodi ya Masanja iliyojaa vumbi la mawe. Zamu ilikuwa imetoka yote, idadi ikawa sifuri, na Shija huko kwake akaufungua ukurasa akaiona. Kisha mafundi wawili wa pampu, Luhende na Kulwa, wakarudi. Pampu ya kunyonya maji waliiacha karibu na mahali pa kulipuliwa. Walitaka kuitoa isije ikasagwa. Masanja alipiga simu kwa Shija, ikawa inatumika. Akaandika namba zao, ukurasa wake ukaonyesha wawili, akatundika vibao vyao kwenye NDANI.

"Shija ataona," nilimwambia. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza.

Wakashuka. Hazikupita dakika nyingi, king'ora cha kwanza kikalia.

Utaratibu ulikuwa ving'ora vitatu, kisha baruti. Masanja alitazama ukuta, akatazama kioo cha kompyuta. Vyote vilisema wawili. Akanyanyua simu: bado inatumika. Hapo nikaelewa. Kompyuta ya Shija ilifika kwetu kwa modemu kupitia waya uleule wa simu. Ukurasa ukiwa wazi kwake, hakuna anayeweza kumpigia. Na ukurasa ulio wazi kwake haukuwa wa sasa. Ulikuwa nakala ya bawabu. Redio koo iliita, ikakoroma, hakuna aliyeitika.

Masanja alichukua nyundo. "Mimi nawagongea bomba. Wewe una miguu. Kimbia!"

Nilitupa viatu. Nyuma yangu nilisikia akigonga bomba la hewa linaloshuka shimoni, mapigo matatu matatu, ishara ya wachimbaji ya kutoka haraka. Lakini ngazi ya kupandia kutoka shimoni ilikuwa ndefu, na ukiwa umebeba pampu husikii vizuri. King'ora cha pili kilinikuta kwenye karakana. Watu walipiga kelele nirudi, wakidhani nimechanganyikiwa kwa kukimbilia upande wa baruti. Sikugeuka. Nilikuwa nasema jambo moja tu moyoni: nifike, nitaeleza baadaye.

Shija alikuwa amesimama mezani, ufunguo umeshaingia kwenye kisanduku cha kulipulia.

"Toa ufunguo! Wamo watu!"

"Mama Limi, vipi? Shimo ni tupu. Angalia mwenyewe." Akafunga ukurasa, akaufungua tena mbele yangu. Ukaja haraka, safi: sifuri.

"Hiyo ni ya uongo. Nimeiandika mimi, na nakwambia inasema uongo. Luhende na Kulwa wamo ndani."

Alinitazama miguu iliyokuwa inatoka damu, akatazama tarakimu. Namshukuru mpaka leo kwa alichochagua kuamini. Alichomoa ufunguo, akaufumba kiganjani, akaketi. Baada ya muda nilichomoa waya wa modemu, simu ikapumua, na papo hapo ikaita. Masanja alikuwa upande wa pili akihema.

"Wametoka wote. Pampu wameiacha."

Kesho yake nilimwandikia meneja barua. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo asiyejua vizuri Kiswahili, mtu wa haraka lakini si mbaya, na mafundi alikwisha kuwaambia ilikuwa hitilafu ya mashine. Nilimwandikia kwamba mashine ilifanya nilichoiambia. Alisoma, akaniita pamoja na Masanja, akasema kompyuta ziondolewe, turudi kwenye simu na ukuta. Nilikubali. Nilikuwa nimeshafungasha nusu ya vitu vyangu.

Masanja ndiye aliyekataa.

"Mwambie zisitoke," aliniagiza nitafsiri. "Mwambie nilikuwa duarani miaka ile, udongo ukashuka. Waliokuwa juu hawakujua tulikuwa wangapi. Walifukua, wakatutoa watatu, wakashukuru Mungu, wakaenda kula. Siku ya pili akaja mtu kutoka Ushetu anamuulizia mdogo wake." Akakandakanda vile vidole vyake. "Ukuta wangu ni mmoja na mimi ni mmoja. Nikianguka na ukuta ukianguka, nani anajua waliomo? Yaandikwe majina kote kunakowezekana. Huyu mama amekosea, atengeneze. Asiondoke kabla hajatengeneza."

Nilitafsiri yote, hata hilo la mwisho. Meneja akatupa wiki mbili.

Hasmukh alifunga duka, jambo ambalo mji wa Shinyanga ulilijadili kwa siku kadhaa, akaja na roli za waya nyuma ya gari. Tulimvutia Shija waya wa kompyuta peke yake, simu ikabaki simu. Tulifuta mistari yangu mitatu. Kisha nikaiagiza programu yenyewe iseme katika kila ukurasa kwamba usitunziwe nakala na yeyote, ili hata akija mtu mwingine baada yangu, mwenye haraka kama mimi, asirudie. Juu ya idadi nikaweka saa, kwa tarakimu kubwa vilevile, na kama ukurasa umepita dakika moja bila kujifungua upya, idadi inafutika na linatokea neno moja: PIGA SIMU. Na hata ukiwa mzima, Shija halipui mpaka apige simu na Masanja amsomee ukuta. Viwili visipokubaliana, shimo lina watu.

Hasmukh alitaka tujaribu kuharibu. Tulichomoa waya wa bawabu, tukazima programu, tukazima jenereta, tukamfanya mlinzi wa getini afungue ukurasa mara ishirini mfululizo. Masanja aliingiza na kutoa majina ya watu wasiokuwepo, mengi ya ndugu zake waliokwisha kufa, na kila jina tulilifuata sehemu zote nne. Siku ya nane Hasmukh akafunga begi lake. Nilimuuliza kama sasa imekubali. Akasema, "Wewe ndiye umekubali. Zamani ulikuwa na haraka."

Lilibaki jambo ambalo meneja alinikataza. Nilikwenda kwa Luhende na Kulwa. Niliwakuta karakana wakifungua pampu nyingine, nikawasalimu, nikawaambia haikuwa hitilafu ya mashine. Ilikuwa mimi. Niliwaeleza nakala, bawabu, mistari mitatu, kwa maneno ya kawaida, na sikujitetea.

Kulwa, aliyekuwa mdogo, aliangalia pembeni. Luhende aliendelea kukaza nati mpaka ikafika mwisho.

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mimi sita." Akaweka spana chini. "Nitashuka. Lakini siku ya kwanza wewe ndiye utakaa kwa Shija, na wewe ndiye utasema sifuri. Shija asiseme. Useme wewe."

Siku hiyo ilifika. Nilikaa mbele ya kompyuta ya Shija, yeye kando yangu na kisanduku chake. Zamu ilitoka. Idadi ikashuka mpaka mbili, majina mawili: Luhende, Kulwa. Kisha jina la Kulwa likatoka, na baada ya muda Kulwa mwenyewe akaingia ofisini, matope mpaka kiunoni, akamnong'oneza Shija jambo na kusimama nyuma yetu. Nilidhani amekuja kushuhudia.

Moja. Saa ya ukurasa ilikwenda, kila mara mpya. Nilipiga simu.

"Ukuta unasemaje, mzee?"

"Kimoja. Luhende."

Tulingoja. Muda wa kulipua ukapita. Shija alianza kujifuta jasho. Redio koo ikakoroma, safari hii ikasikika: meneja anauliza kuna nini. Nilimjibu yupo mtu ndani. Akauliza kama nina uhakika si mashine tena. Nikasema ukuta na mashine vinakubaliana, yupo mtu ndani. Akauliza mara ya pili, sauti imebadilika, malori yanasubiri, watu wanasubiri. "Yupo mtu ndani," nilisema. "Akikaa mpaka kesho, tutangoja mpaka kesho."

Nilimpigia Masanja atume mtu chini akamtazame. Kabla hajajibu, jina likafutika. Sifuri, na saa ya sasa hivi. "Ukuta," nilisema. Nikasikia mlio wa shaba kwenye msumari. "Sifuri," akasema Masanja.

"Sifuri," nikasema mimi, kwa sauti.

Shija aligeuka nyuma, akanyoosha mkono kwa Kulwa. Kulwa akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa kisanduku. Alikuwa ameushika muda wote ule, tangu alipomnong'oneza Shija ampe.

Baada ya mlipuko Luhende alikuja, akaegemea mlango, taa bado kichwani. Nilimuuliza kilichomchelewesha.

"Hakuna. Nilikaa chini ya ngazi nikavuta sigara. Nilitaka nijue mtanisubiri kwa muda gani."

"Na kama tusingesubiri?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa Kulwa. "Mimi nina watoto sita, Mama Limi. Nilikuja kukujaribu, sikuja kufa."

Shija alikasirika, akasema atampeleka kwa meneja. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini sakafuni, na nikiwa pale sakafuni nikalia, na hakuna aliyenikataza. Luhende alisubiri nimalize. Kisha akasema "wabeja", asante ya Kisukuma, akaenda kurudisha taa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa chumba cha taa zamu ikiingia. Luhende alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alitaja namba yake, akapokea kibao, akashuka bila kuangalia nyuma.